Nani Mwenye Besi? Gitaa la Besi na Umiliki wa Vyombo vya Bendi, kutoka Léopoldville hadi Butembo na Beni

Maandishi mengi yahusuyo muziki wa dansi wa Kongo yameandikwa kana kwamba bendi ni waimbaji na mpigaji wa gitaa la solo peke yao. Majina ya Joseph Kabasele, Franco Luambo, Tabu Ley na Nico Kasanda hayamgeni mwanafunzi yeyote wa fani hii. Mpigaji wa besi hutajwa, kama hutajwa, katika mstari wa mwisho wa jalada la santuri. Hata hivyo, mtu akisimama usiku upande wa pili wa barabara, mbali na ukumbi, kinachomfikia kwanza ni besi. Maneno ya wimbo huyasikia baadaye, akisogea karibu.

Makala haya yanakusudia kukichunguza chombo hicho kwa upande ambao haukutazamwa sana: kilitoka wapi, kilimilikiwa na nani, kililishwa na umeme gani, na kwa nini katika miji ya Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini, mpigaji wa besi ni mwepesi kukosa kazi kuliko wenzake. Wako wanaoeleza jambo hilo kwa kusema kwamba ladha ya wasikilizaji imebadilika, na kwamba kinanda cha umeme kimeishinda besi kwa uzuri. Maelezo hayo hayatoshi, kama itakavyoonyeshwa.

Kabla ya historia, neno moja kuhusu istilahi. Tanzania husemwa "gitaa la besi", na neno hilo limetoka katika Kiingereza. Upande wa Kongo, ambako istilahi za bendi zilipitia Kifaransa, neno "basse" likiswahilishwa kwa kanuni za kawaida lingekuwa "basi", na neno hilo tayari lina kazi tele katika lugha yetu: ni gari, ni kiunganishi, na ni amri ya kunyamaza. Vivyo hivyo, kile ambacho Dar es Salaam huitwa "spika" huitwa "bafle" Butembo, na "jenereta" ya huko ni "grupu" ya huku. Makala haya yanatumia "besi" kwa sababu ndilo lisiloleta utata. Kwa ajili hiyo hiyo kile kipande cha sumaku kilicho chini ya nyuzi hakitaitwa pikapu, maana pikapu kwa wasomaji wengi ni gari la mizigo.

Chombo cha mwenye studio

Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita ukingoni mwa msitu wa Ituri akirekodi muziki wa Wanande, Wabira, Wabudu na Wambuti. Mwaka uliofuata Bill Alexandre, mpigaji gitaa kutoka Ubelgiji, alifika Léopoldville kufanya kazi katika studio ya CEFA, na kwake ndiko wanahistoria wengi huanzia wanaposimulia kuingia kwa gitaa la umeme nchini Kongo. Ni mwaka mmoja tu kati ya mambo hayo mawili, lakini kwa vyombo ilikuwa kama karne. Katika muziki aliourekodi Tracey, fundi wa chombo na mpigaji wake waliweza kuwa mtu mmoja, na mti wa kukitengenezea ulikuwa msituni. Gitaa la umeme halikuota msituni. Lilikuja kwa meli, likanunuliwa na aliyekuwa na fedha.

Waliokuwa na fedha walikuwa wenye studio. Ngoma, iliyoanzishwa 1948, Loningisa, Opika na baadaye Esengo zilikuwa mali ya wafanyabiashara, wengi wao Wagiriki, na vyombo vilikuwa sehemu ya mali hiyo. Mwanamuziki alikuja na vidole vyake. Bendi za miaka hiyo ya 1950, African Jazz ikiwa mojawapo, zilitumia kontrabasi, ile fidla kubwa ya kusimama, kwa sauti ya chini. Kontrabasi haihitaji umeme, na hiyo ni sifa ambayo leo inafaa kukumbukwa. Ila hailingani kwa nguvu na magitaa ya umeme yakishafunguliwa, tena kuisafirisha ni adhabu. Besi ya umeme ya Fender, iliyotoka kiwandani Marekani mwaka 1951, iliyaondoa matatizo hayo mawili kwa pamoja, lakini ikaleta la tatu: peke yake haisikiki kabisa. Ni ubao wenye nyuzi nne mpaka ikutane na amplifaya na spika.

Januari 1960, Kabasele alipokwenda Brussels na African Jazz wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara, alichukua watu wawili kutoka OK Jazz: mwimbaji Vicky Longomba na Armand Moango, maarufu kwa jina la Brazzos. Brazzos alikuwa mpigaji gitaa. Huko alishika besi. Mfano huu unaonyesha tabia iliyodumu muda mrefu katika bendi zetu, yaani besi kupewa mpigaji gitaa ambaye nafasi yake imejaa. Mwaka huo huo Kabasele alianzisha lebo yake mwenyewe, Surboum African Jazz, na kwa mara ya kwanza mwanamuziki Mkongo akaanza kukalia kiti cha mwenye studio. Baadaye walitokea wapigaji ambao besi ilikuwa ndiyo kazi yao na fahari yao, kama Flavien Makabi wa TPOK Jazz, Shaba Kahamba na Ngouma Lokito. Lakini hao walikuwa Kinshasa na Paris.

Njia ya mashariki

Kwa mwanamuziki wa mashariki ya nchi, soko lilikuwa upande mwingine. Orchestra Maquis ilitoka Kamina, Katanga, ikafika Dar es Salaam 1972. Baba Gaston aliingia Dar es Salaam 1971 na kuhamia Nairobi 1975; mwaka uliofuata baadhi ya wanamuziki wake walijitenga wakaunda Les Mangelepa. Samba Mapangala alipitia Uganda katikati ya miaka hiyo kabla ya kufika Nairobi 1977. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam 1978 kujiunga na Orchestra Makassy.

Safari hizo huelezwa kwa siasa na uchumi wa Zaire, na ni sawa. Lakini Tanzania kulikuwa na jambo jingine lililowavuta watu: vyombo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilipigia vyombo vya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya Shirika la Bima. Jeshi na polisi nao walikuwa na bendi zao. Mpigaji wa besi katika bendi ya namna hiyo alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na amplifaya ilipoharibika ilikuwa hasara ya shirika. Ubaya wake ulijulikana pia. Mwanamuziki aliyeondoka aliacha vyombo nyuma yake, hata kama ndiye aliyevifanya vipendwe na watu. Super Matimila, bendi ambayo Remmy Ongala aliipeleka Ulaya kwa jukwaa la WOMAD mwaka 1988, ilibeba jina la mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo. Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo: jina la bendi ni jina la mwenye amplifaya.

Butembo na Beni hazikupata shirika la namna hiyo. Ni miji ya wafanyabiashara. Bidhaa hupita Mombasa na Kampala, huingia kwa mpaka wa Kasindi, hufika Beni na kuteremshwa Butembo, na katika makontena hayo pamoja na vitenge, vipuri na pikipiki huja pia spika na vinanda. Chombo cha muziki hapa ni bidhaa, na mwenye bidhaa huikodisha. Mwenye baa, mwenye kampuni ndogo ya vipaza sauti vya harusi, au parokia: hao watatu ndio walioshika nafasi ya mwenye studio wa Léopoldville.

Uzito wa sauti ya chini

Ili kuelewa kwa nini mpigaji wa besi huumia zaidi ya mwenzake wa solo, lazima kuingia kidogo katika fizikia. Waya wa nne wa besi, ulio mnene kuliko yote, ukilegezwa kwa kawaida yake hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 na zaidi. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini kiasi hicho. Ili isikike sawa na gitaa la solo, besi inadai umeme mwingi mara kadhaa na spika pana zaidi. Mpigaji wa solo anaweza kujitegemea kwa amplifaya ndogo inayobebwa kwa mkono mmoja. Mpigaji wa besi akiichomeka besi yake katika amplifaya hiyo hiyo na kuongeza sauti, atakachopata ni karatasi ya spika iliyochanika. Mafundi redio wa sokoni huibandika kwa gundi na kipande cha karatasi nyepesi, nayo huimba tena, ila kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

Umeme wenyewe ni habari ndefu. Butembo, mji wenye watu mamia ya maelfu, uliishi kwa muda mrefu bila mtandao wa umeme wa taifa. Kila mwenye biashara alikuwa na grupu lake. Katika eneo la Beni kituo cha maji cha Mutwanga kilianza kutoa umeme 2013, na vingine vimefuata, lakini bendi nyingi zimejifunza kazi yao juu ya mafuta ya petroli. Grupu dogo la kilovati moja hulisha taa, friji ya bia, vipaza sauti na magitaa kwa pamoja. Besi inapopiga noti nzito pamoja na ngoma kubwa ya miguu, taa hufifia, na amplifaya isiyopata volti zake hukoroma au huzimika. Mwenye baa akiona hivyo hapunguzi friji. Humwamuru mpigaji wa besi apunguze sauti. Tena grupu lisilofungwa waya wa ardhini huleta hatari isiyo ya mzaha: mwanamuziki mwenye vidole juu ya nyuzi za chuma, akigusa maikrofoni kwa midomo, hupigwa na umeme.

Nyuzi nazo zina simulizi yake. Seti ya nyuzi nne za besi ni ghali mara kadhaa kuliko seti ya gitaa la kawaida, kwa hiyo hazibadilishwi, hutunzwa. Zikifa sauti kwa jasho na vumbi huchemshwa katika sufuria, mafuta yakatoka, zikakaushwa na kurudishwa, na kwa siku chache hung'aa tena. Waya ukikatika, wapo wanaotumia waya wa breki wa baiskeli, na ufundi huo umeenea Afrika nzima. Mara nyingi huchekwa kama alama ya umaskini, lakini kuna akili ndani yake. Sumaku ya besi husikia chuma tu, na waya wa breki ni chuma. Kile kichwa chake cha risasi hukaa vizuri nyuma ya daraja la gitaa. Na unene wake wa milimita 1.5 hivi unakaribia ule wa waya wa pili wa besi. Kasoro ni kwamba hauwezi kushika nafasi ya waya wa nne, ambao unene wake ni zaidi ya milimita 2.5, na kwamba husaga vyuma vya shingo kama tupa.

Haipaswi kudhaniwa kwamba ubunifu huu ni wa pembeni. Mjini Kinshasa, Konono No 1 ya Mawangu Mingiedi ilitengeneza likembe la besi na vipokezi vyake kwa sumaku za vipuri vya magari, na vyombo hivyo hivyo vikasikika duniani kote katika miaka ya 2000. Tofauti ni kwamba Konono walikuwa na chombo chao wenyewe.

Usafiri nao si jambo dogo. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita zipatazo 54. Gitaa la solo husafiri mgongoni juu ya pikipiki. Spika ya besi hutaka gari, au ndani ya mji chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili ambacho Kivu ya Kaskazini imekifanya chake. Ndiyo maana mpigaji wa besi aliyealikwa mji wa pili huenda na gitaa tupu, akitumaini kwamba mwenyeji ana kitu cha kulichomeka.

Na usiku wenyewe ulipungua. Mauaji katika eneo la Beni tangu Oktoba 2014, mlipuko wa Ebola uliotangazwa 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020, janga la Korona, kisha hali ya kuzingirwa iliyotangazwa Mei 2021: kila mara baa zilifungwa mapema au kabisa. Bendi iliyozoea kukodi vyombo kwa malipo ya usiku mzima haiwezi kufidia gharama hizo kwa saa tatu za jioni. Mwenye hesabu hutafuta cha kupunguza. Kinanda kimoja chenye midundo iliyorekodiwa ndani yake hupiga ngoma na besi kwa mkono wa kushoto, hula umeme kidogo, hubebwa kwa pikipiki, na hulipwa kama mtu mmoja. Hapo ndipo besi iliposhindwa, na kushindwa huko hakukutokea masikioni mwa wasikilizaji.

Mahali ambapo besi imebaki ni kanisani. Kwaya hupiga mchana, amri ya kutotoka nje usiku haiigusi, na vyombo hukaa mahali pamoja, chini ya kufuli, vikisubiri Jumapili. Vijana wengi wa Butembo na Beni wanaojua besi leo wamejifunzia hapo, kwa chombo ambacho si chao. Hakiwezi kwenda nyumbani kwa mazoezi, wala hakiwezi kupelekwa kwenye harusi ya Jumamosi bila ruhusa ya mwenye ufunguo. Akihama parokia, kijana huacha besi ukutani na kuondoka na vidole vyake, kama walivyoondoka watu wa Loningisa.