Nani Aombe Idhini: Taarikh ya Hati za Kazi Karatu na Ngorongoro

Mtu wa zama zetu atajiwapo kibali cha kazi, fikira zake huvuka bahari mara moja, akauona mlango wa ubalozi, na daftari la majina, na karani mwenye muhuri ambaye neno lake moja laweza kumfikisha fundi au mtumishi hadi Muscat, Doha au London, au likamrudisha kwao mikono mitupu. Wala si ajabu, kwani wana wetu wengi wamekwisha kusimama mbele ya mlango huo. Lakini katika mashamba ya Karatu na nyanda za juu za Ngorongoro hati ya kufanyia kazi ina taarikh ya zaidi ya karne moja, na aliyelazimishwa kuichukua hakuwa siku zote mgeni wa kutoka mbali. Kwa miaka mingi alikuwa mwenyeji, au jirani wa mwenyeji, aliyeipokea kwa mgeni ili apate kupiga jembe katika nchi aliyozaliwa. Naandika habari hizi kwa sababu naamini kwamba hatuwezi kuipima haki ya sheria zetu juu ya wageni watakao kazi kwetu, wala dhiki ya vijana wetu watakao kazi ugenini, pasipo kujua karatasi hiyo ilipita katika mikono gani, na kila mara ilipoandikwa ni nani aliyekuwa ameishika ardhi.

Tarehe 18 Machi 1892 Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuandika habari za kufika kwake Ngorongoro, aliingia katika kreta na msafara wake wa wapagazi na askari, akawakuta Wamaasai waliodhoofishwa na njaa baada ya sotoka kuwamaliza ng'ombe wao. Hakuwako wa kumdai cheti. Dola ya Wajerumani ilikuwa imekwisha kujiandikia milki ya nchi yote, na miaka michache baadaye ndugu wawili, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikodishwa ardhi ndani ya kreta yenyewe, wakajenga nyumba na mazizi wakafuga ng'ombe kwa mamia, kwa idhini ya serikali ya Dar es Salaam ambayo haikuwauliza wafugaji wa pale neno. Na wafugaji hao, ambao baba zao walichunga humo bila ya hati, ndio waliogeuka kuhesabiwa watu wa kuondoshwa. Kodi ya nyumba, iliyotangazwa mwaka 1897, ilikuwa na maana ya kazi kuliko maana ya fedha, kwa kuwa asiye na rupia hakuwa na budi kuzifuata kwa mwenye nazo. Na huko Usambara, tangu mwaka 1907, Wajerumani walifika hata kuwagawia wanaume kadi za kazi zilizowalazimisha kuwatumikia Wazungu siku 30 katika kila miezi 4.

Vita Vikuu vya kwanza viliigeuza hali. Uingereza ilikabidhiwa Tanganyika kwa udhamini wa Shirika la Mataifa, na Wajerumani, waliokuwa jana ndio watoao ruhusa, wakapigwa marufuku kuingia, na mashamba yao yakachukuliwa kama mali ya adui. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1925. Ujerumani ilipokubaliwa katika Shirika mwaka uliofuata, raia wake wakapata kukingwa na kifungu cha 7 cha mkataba wa udhamini, kilichowapa raia wa kila taifa mwanachama haki ya kuingia na kukaa Tanganyika sawasawa na raia wa Uingereza. Wakapanda kwa wingi hadi Oldeani, juu ya Karatu, wakafyeka msitu katika miteremko ya mlima wa jina hilo wakapanda kahawa. Hebu msomaji azingatie mizani hii: mtu aliyezaliwa Bremen alikuwa na kifungu cha mkataba wa kimataifa kinachomruhusu kuishi na kufanya kazi Oldeani, ilhali Mwiraqw, ambaye wazee wake walikuwa wakitoka Mama Isara na kuusogeza ukulima na ufugaji wao kaskazini kuelekea Karatu, hakuwa na kinga iliyotosha kumtetea dhidi ya mpaka wa shamba jipya.

Mashamba hayo yalitaka mikono mingi, hasa wakati wa kuchuma buni, na Wairaqw, waliokuwa na ng'ombe na makonde yao wenyewe, hawakuwa na haja kubwa ya ujira wa Mzungu. Basi vibarua wengi walitoka mbali zaidi, Wanyaturu na Wanyiramba wa upande wa Singida, ambao kodi iliwasukuma na ukame ukawaongezea mwendo. Huyo ndiye mhamiaji wa kazi wa kwanza wa Karatu ambaye taarikh yampasa kumtaja kwa heshima, na hati yake ilikuwa kipande. Kilikuwa kadi yenye vyumba 30, na kwa kila siku aliyoimaliza kazi aliyopimiwa, kibarua alitiwa alama katika chumba kimoja. Siku aliyougua, au aliyoshindwa kuumaliza mgao wake, chumba kilibaki kitupu, na ujira haukulipwa mpaka vyumba vyote vimejaa, navyo vilipaswa kujaa katika muda wa siku 42. Kwa hiyo mwezi wa kibarua haukuwa mwezi wa kalenda wala mwezi mwandamo, bali ulikuwa mwezi wa mnyapara, uliorefuka kwa homa na kwa mvua. Sheria ya mwaka 1923 juu ya mabwana na watumishi wenyeji iliufanya uvunjaji wa mkataba kuwa jinai, hata mtu aliyeondoka shambani kabla ya muda wake aliweza kufikishwa mahakamani kama mwizi, jambo ambalo halikumpata mwajiri aliyemfukuza mtu. Mwaka 1926 serikali iliunda Idara ya Kazi chini ya Meja Granville Orde-Browne, ambaye kwa insafu yapasa kusemwa kwamba alijitahidi kuchunguza malazi, chakula na afya ya watu wa safari za kazi. Lakini idara hiyo iliusafisha utaratibu wa kipande pasipo kuung'oa.

Nasisitiza habari za kipande kwa kuwa ndani yake zimo nguzo zote za kibali cha kazi tukijuacho leo: jina la mtu, jina la mwajiri, muda uliowekwa, na adhabu kwa atakayeuvuka. Kilichopungua ni uhuru wa mwenyewe kukiomba au kukikataa.

Septemba 1939 vita viliporudi, Wajerumani wa Tanganyika walikamatwa, na mashamba yao, ya Oldeani yakiwamo, yakatiwa chini ya msimamizi wa mali ya adui. Wengi hawakurudi tena, na baada ya vita mashamba yaligawiwa wenye idhini mpya, miongoni mwao Waingereza waliotoka jeshini. Kibarua wa Singida alibaki na kipande chake; bwana alibadilika, vyumba vilibaki 30.

Juu zaidi, ng'ambo ya msitu, hati ilichukua sura nyingine. Hifadhi ya Serengeti ya mwaka 1951 iliijumlisha Ngorongoro ndani ya mipaka yake, na mwaka 1954 kilimo kikakatazwa humo. Mzozo kati ya wafugaji na watawala ulipokuwa mkubwa, tarehe 21 Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai waliweka alama zao katika mapatano ya kuiacha Serengeti, na mwaka 1959 ikatungwa sheria iliyoifanya Ngorongoro kuwa mahali ambapo watu, mifugo na wanyama wa mwituni wangekaa pamoja. Sheria hiyo iliwapa watawala wa hifadhi uwezo wa kuamua nani aingie, nani akae, na afanye kazi gani. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta waliondoshwa. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku katika hifadhi nzima, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikakatazwa tena mwaka 2009. Na tangu mwaka 2022 maelfu wamehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Kwa njia hii Mwiraqw wa Karatu aliyevuka lango la Loduare kwenda kumlimia jirani yake Mmaasai kwa ujira, kazi ambayo wazee wao walipatana kwa maneno matupu, aligeuka kuwa mwajiriwa asiye na kibali, katika wilaya inayopakana na yake. Sioni kwamba hifadhi yaweza kusimama bila mipaka. Naona tu kwamba mpaka huu uliwageuza wageni watu ambao hawakuwa wamesafiri.

Korongo la Olduvai, lililo ndani ya hifadhi hiyo hiyo, latoa shahada ya namna yake. Hans Reck, Mjerumani aliyechimba huko mwaka 1913 akiwa chini ya bendera ya taifa lake, alipata kulirudia korongo hilo mwaka 1931 tu, akiwa mgeni katika msafara wa Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale aliyetoka Kenya. Baadaye Leakey na mkewe Mary walikuja na wafanyakazi wa Kenya, Wakamba wengi miongoni mwao, na kwa kuwa nchi zote mbili zilikuwa chini ya Mwingereza, kuvuka kwao mpaka hakukuwa jambo la kutia mashaka. Mmoja wao, Kamoya Kimeu, alianza kazi yake Olduvai mwaka 1960, mwaka mmoja baada ya Mary Leakey kuliona fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, akawa mmoja wa mabingwa wakuu duniani wa kutafuta mabaki ya kale. Elimu ya asili ya binadamu, ambayo Tanzania hujivunia kwa haki, ilijengwa kwa sehemu kubwa na vibarua wa nchi jirani.

Uhuru wa mwaka 1961 uliipindua kalamu. Sasa mwenyeji ndiye aliyempa mgeni ruhusa, na mgeni ndiye aliyepaswa kueleza kwa nini kazi yake isifanywe na mwananchi. Chuo cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963, kilianza kuwafundisha Waafrika uhifadhi wa wanyama, na Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi wa Ngorongoro, akafuatwa na Solomon ole Saibull. Hata hivyo watalii wengi waliendelea kuja kwa magari ya Nairobi, yenye madereva wa Kenya. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya na kuyazuia magari yaliyokutwa ndani. Madereva waliokuwa jana ndugu wa jumuiya moja wakajikuta ni raia wa nchi ya kigeni. Hoteli za kingoni mwa kreta zilionja uchungu wake. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na mapatano ya mwaka 1985 yakaweka kwamba gari la watalii la Kenya lisiingie katika hifadhi za Tanzania. Abiria hukabidhiwa kwa dereva wa Kitanzania, naye ndiye awapandishaye ukuta wa Bonde la Ufa kupitia Karatu. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza Julai 2010, imewafungulia Waafrika Mashariki baadhi ya kazi, lakini kibali hakikuondoka.

Sheria ya mwaka 2015 juu ya ajira za wasio raia imelitenga jambo katika ofisi mbili: Kamishna wa Kazi hutoa kibali cha kazi, na Uhamiaji hutoa kibali cha kukaa. Kibali cha kazi kwa kawaida ni cha miezi 24, nacho huongezwa mpaka kutimia miaka 5, na mwajiri hutakiwa kuonyesha mpango wa kumrithisha mwananchi ujuzi wa mgeni. Sharti hili la urithi ndilo lililo bora kuliko yote, na ndilo lipuuzwalo kwa urahisi zaidi, kwa maana mpango waandikika kwa siku moja, na kufundisha huchukua miaka. Kazi ya kuongoza watalii imewekewa raia peke yao, na katika mji wa Karatu, uliojaa nyumba za wageni tangu barabara ya Makuyuni ilipotiwa lami, vijana wanaoishi kwa kazi hiyo ni wengi.

Na wako wanaotoka. Sheria ya mwaka 1999 ya huduma za ajira yawataka mawakala wanaopeleka watu ng'ambo wapate idhini ya serikali, lakini msichana aendaye Ghuba kwa njia ya panya huangukia mikononi mwa utaratibu wa kafala, ambao humfunga kwa mwajiri mmoja, na akimkimbia huhesabiwa mhalifu. Jambo hilo lilikwisha kuandikwa katika sheria ya mwaka 1923, juu ya kibarua wa Oldeani. Serikali yetu ikiketi na serikali za Ghuba kupatana juu ya mikataba ya watumishi, wajumbe wake hawana haja ya kuazima hoja mbali: na wachukue kipande kimoja cha mashamba ya kahawa, wakiweke mezani, waeleze vyumba vyake 30 vilijazwaje. Vipande hivyo bado vyaweza kupatikana katika masanduku ya familia za Karatu na Singida, na Nyaraka za Taifa zingefanya hisani kubwa kuvikusanya sasa, pamoja na maneno ya wazee waliovibeba, ambao kila mwaka wapungua.