Utepe wa pindo la mfarishi

Utepe wa pindo ni ukanda wa kitambaa unaoshonwa kuzunguka mfarishi ili kufunika kingo za tabaka zake tatu: uso, pamba ya kati na mgongo. Hulinda sehemu inayochakaa mapema kuliko zote.

Kwa kawaida hukatwa upana wa sentimita 6, hukunjwa katikati kwa urefu, kisha hushonwa kwa cherehani upande wa uso, milimita 6 kutoka ukingoni. Mshono husimama milimita 6 kabla ya kona. Utepe hukunjwa kwa pembe ya nyuzi 45, ukarudishwa sambamba na ukingo unaofuata. Mwishowe hupinduliwa nyuma na kushonwa kwa mkono. Kingo za mviringo huhitaji utepe uliokatwa mshazari, kwani hunyumbuka. Mifarishi mingi ya kale ya Waamish, jamii ya Kikristo ya Marekani, ina tepe pana.