Daftari Mbili za Mtoto Mmoja

Katika vijiji vyetu mtoto aliyelelewa na shangazi au na bibi yake mara nyingi humjua mama aliyemzaa. Hata kama mama huyo yuko mbali, au amekwisha kufa, jina lake hutajwa nyumbani na ukoo wake hujulikana. Kwa sababu hiyo msomaji huenda akashangaa asikiapo ya kuwa huko Uingereza na Marekani wako watu wazima, waliolelewa vema na kusomeshwa, ambao wametumia miaka mingi kumtafuta mama mzazi wasimjue hata jina. Walipoteaje wao kwa wao? Jibu lake limo katika daftari za serikali.

Hapo kale Uingereza haikuwa na sheria ya kumfanya mtoto wa mtu mwingine kuwa mwana wako. Watu walilea yatima na watoto wa jamaa zao, lakini mlezi hakuwa na haki iliyo thabiti, na mzazi aliweza kurudi na kumdai mwanawe. Vita Kuu ya 1914 hata 1918 iliacha yatima wengi, na watoto wengi waliozaliwa nje ya ndoa. Ndipo Bunge likatunga sheria ya kuasili watoto mwaka 1926, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1927. Tangu hapo mahakama iliweza kuamuru ya kwamba mtoto fulani ni mwana wa watu fulani, akaandikwa upya katika daftari ya watoto walioasiliwa. Jina lake la kwanza halikufutwa. Lilibaki katika daftari ya waliozaliwa, pamoja na jina la mama yake. Lakini kumbukumbu iliyounganisha daftari hizo mbili ilifichwa, wala hakuna aliyeweza kuifungua pasipo amri ya mahakama.

Nia yao haikuwa mbaya. Siku zile mtoto asiye na baba wa ndoa alidharauliwa, na hati yake ya kuzaliwa ilimchongea, maana mahali pa jina la baba palikuwa patupu. Sisi waalimu tuandikao majina ya watoto kila mwaka twajua jinsi nafasi tupu moja inavyoweza kumtahayarisha mtoto mbele ya wenzake. Basi walitaka kumfichia aibu hiyo mbele ya majirani, lakini wakamficha mtoto na mama yake wasionane.

Na ajabu ni hii: Uskoti, nchi iliyo chini ya Bunge lile lile, ilipata sheria yake mwaka 1930, nayo ilimruhusu mtoto aliyeasiliwa, akiisha kutimiza miaka 17, kuomba kuonyeshwa maandiko ya kuzaliwa kwake. Mpaka wa nchi tu ndio uliowatenga aliyeruhusiwa kujua na aliyekatazwa. Miaka arobaini ilipita hivyo.

Kisha John Triseliotis, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, akaenda kuwauliza watu 70 wa Uskoti waliokuwa wameomba kuziona habari zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1973. Wengi aliowauliza hawakutaka kisasi wala fedha. Walitaka kujua wametoka kwa nani, na kwa nini walitolewa. Ushahidi huo ulisaidia sana. Sheria ya mwaka 1975, iliyoanza kutumika kwa jambo hili Novemba 1976, iliwafungulia daftari watu wa Uingereza na Wales waliotimiza miaka 18. Walioasiliwa kabla ya sheria hiyo walipaswa kwanza kuonana na mshauri, kwa kuwa mama zao walikuwa wameambiwa ya kwamba siri haitafunuliwa kamwe. Mimi naona sharti hilo lilikuwa la haki.

Huko Marekani mambo yalikwenda kinyume. Massachusetts ilikuwa na sheria ya kuasili tangu 1851, na siri haikuwamo. Minnesota ilifunga kumbukumbu hizo mwaka 1917, lakini kwa watu wa nje tu, wenyewe waliachiwa. Baadaye majimbo, moja baada ya jingine, yakaanza kutoa hati mpya yenye majina ya walezi kana kwamba ndio waliozaa, na hati ya kwanza ikatiwa muhuri hata mwenyewe asiione. Kansas na Alaska tu ndizo hazikuwafungia watu wazima.

Jean Paton aliziona zama zote mbili. Alizaliwa Detroit mwaka 1908, akaasiliwa mara mbili. Mwaka 1942 alikwenda mahakamani, karani akamfungulia kitabu, akalisoma jina la mama yake. Wengi waliomfuata walifukuzwa mlangoni. Mwaka 1954 alichapisha kitabu cha maneno ya watu 40 walioasiliwa, wakijieleza wenyewe. Naye alipokuwa na miaka 47 alimwona mama yake.

Mwaka 1971 Florence Fisher, aliyekuwa amemtafuta mama yake kwa miaka ishirini, alianzisha chama cha walioasiliwa huko New York. Akina mama nao wakajitokeza: mwaka 1976 Lee Campbell alianzisha chama cha wazazi waliotoa watoto wao, watu ambao mpaka hapo hakuna aliyewauliza neno. Na mwaka 1975 Emma May Vilardi alikuwa ameanzisha daftari ya namna nyingine. Mtoto huandika jina lake na siku aliyozaliwa, mama naye huandika ya kwake. Wote wawili wakiwamo, huarifiwa. Serikali ya Uingereza ilifungua daftari kama hiyo mwaka 1991. Ni njia ya upole, maana hakuna anayelazimishwa. Lakini mama aliyekufa haandiki, wala yule asiyepata kusikia habari ya daftari hiyo.

Oregon ilipiga kura mwaka 1998 kuwapa watu wazima hati zao za kwanza. Baadhi ya akina mama wakashitaki, wakisema waliahidiwa siri. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ikaamua ya kuwa sheria za jimbo hazikuwapa ahadi hiyo, na mwaka 2000 hati zikaanza kutolewa. New York ilifuata mwaka 2020. Katika California hati ya kwanza ingali imefungwa. Mtu akiomba, hujibiwa apeleke ombi mahakamani. Wengi siku hizi hawaendi huko. Hutia mate katika kichupa, wakakipeleka kwa wapimaji wa nasaba, na baada ya majuma machache huletewa jina la binamu wasiyemjua, ndipo waanze kumwandikia barua.