Haji Gora, mchukuzi wa karafuu aliyetuachia Kitumbatu

Kendwa ya leo ni ya mahoteli na ngoma za mwezi mpevu. Lakini wapishe wageni, ufuate ufukwe kwa macho kuelekea kusini, utakiona kisiwa kirefu cha rangi ya kijani kilicholala mbele ya Mkokotoni. Ndiyo Tumbatu. Huko alizaliwa Haji Gora Haji mwaka 1933, na akiwa na umri wa miaka minne tu akahamia mjini Unguja.

Skuli hakuisoma. Alisoma chuoni, yaani Kurani, halafu bahari ikampokea: akavua, akawa baharia wa majahazi, akachukua magunia ya karafuu mjini. Hapa pana jambo la kutafakari kidogo. Kazi ya uchukuzi ina mwendo wake, na baharia anayengoja upepo ana muda mwingi wa kusema na kusikiliza. Mizani na vina vinahesabika kichwani, havihitaji daftari. Sishangai basi kwamba baadhi ya mashairi yake yaliingia katika taarabu moja kwa moja. Yalikuwa ya sikio kabla ya kuwa ya jicho.

Diwani yake ya Kimbunga ilichapishwa na TUKI, Dar es Salaam, mwaka 1994, mwenyewe akiwa ameshatimiza miaka sitini na moja. Shairi lililoipa jina linasimulia dhoruba iliyoupiga mji wa Siyu, kule Pate, ikapindua mambo: vilivyodhaniwa imara vikaanguka, vinyonge vikanusurika. Wapo waliolisoma kisiasa, na mimi siwalaumu. Mzanzibari akitajiwa kimbunga hatafuti mawingu. Ila nguvu yake haimo katika ufumbuzi. Imo katika ile hali ya kutokujua uchekee wapi na uogope wapi. Alitunga pia utenzi wa visa vya Nabii Suleiman, kazi ya mtu aliyelelewa na chuo na msikiti.

Mimi lakini, nikiambiwa nichague, nitachukua kitabu kisichokuwa na shairi hata moja: Kamusi ya Kitumbatu, iliyotolewa na BAKIZA mwaka 2006. Kitumbatu ndicho kisemwacho Tumbatu na sehemu za kaskazini ya Unguja, na kwa muda mrefu watu wa mjini walikicheka. Mtoto wa shamba akifika Darajani alijifunza haraka kuficha lafudhi yake. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini, lahaja nyingine zikabaki uani. Haji Gora aliishi mjini karibu maisha yake yote, na bado akarudi kuokota maneno ya kwao, moja moja, akayapanga kwa herufi. Wataalamu wa vyuo wangeweza kuifanya kazi hiyo, lakini aliyeifanya ni mvuvi.

Mwaka 2019 Flavia Aiello na Irene Brunotti walihariri diwani yake nyingine, Shuwari. Kutoka Kimbunga hadi Shuwari ni miaka ishirini na mitano, na baharia yeyote angeyaelewa majina hayo bila kufasiriwa. Alifariki mwaka 2021.

Vijana wa Kendwa na Nungwi mnaowasalimia watalii kwa Kitaliano safi, itafuteni kamusi hiyo, kisha kaeni na babu zenu muone ni maneno gani hayakuingia.