Ugomvi wa Neno "Ikiwa"

Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, mshairi Callimachus wa Alexandria aliandika kwamba hata kunguru juu ya mapaa walikuwa wakibishana kuhusu kauli zenye "ikiwa". Ubishi huo uliwagawa kweli wanafalsafa wa Kigiriki. Philo alishikilia kwamba kauli "ikiwa hiki, basi kile" ni ya uongo katika hali moja tu: hiki kiwe kweli, kile kiwe uongo. Katika hali nyingine zote, kauli ni ya kweli. Mwalimu wake, Diodorus Cronus, alikataa. Kwake haikutosha kauli isianguke leo. Ilipaswa isiwe imewahi kuweza kuanguka, wala isiweze kamwe.

Naanza na wazee hao kwa sababu anayeanza leo kujifunza mantiki ya hisabati hukwama pale pale walipogombana. Anaoneshwa jedwali la ukweli, linaloorodhesha kila hali ya sharti na tokeo lake na kusema kama kauli nzima ni ya kweli. Mistari miwili ya kwanza anaikubali. Akifika penye sharti la uongo, na kauli nzima imeandikwa kuwa kweli, anahisi amechezewa. Basi afikirie ahadi. Mama anamwambia mwanawe, "Ukifaulu, nitakununulia baiskeli." Mtoto akafeli, mama akanunua hata hivyo: je, amevunja ahadi? La. Mtoto akafeli, baiskeli isinunuliwe: hapo pia mama hana kosa. Ahadi huvunjika kwa njia moja tu, mtoto afaulu na baiskeli isionekane. Hiyo ndiyo hesabu ya Philo. Kiswahili chetu, tena, kinaubana mzigo wote huo katika silabi moja, "ki", na silabi hiyo hiyo hubeba pia wakati. "Ukifika nipigie": ni sharti, au ni saa? Msikilizaji huamua mwenyewe.

Kabla ya ugomvi huo Aristotle, aliyeishi kati ya 384 na 322 kabla ya Kristo, alikuwa amefanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo mlango wa elimu yote hii. Aliweka herufi mahali pa majina. Kila A ni B, kila B ni C, basi kila A ni C. Ukiweka binadamu au samaki, hoja inasimama vile vile, kwa kuwa nguvu yake imo katika umbo lake. Mwanafunzi akishaliona hilo, ameshaingia ndani. Baadaye Chrysippus na wenzake wa shule ya falsafa ya Kistoa wakafanya vivyo hivyo kwa sentensi nzima zilizounganishwa kwa "na", "au" na "ikiwa".

Elimu hiyo ikapokewa na wanazuoni walioandika kwa Kiarabu. Ibn Sina (980–1037) alizichambua kwa kirefu kauli zenye masharti. Wao waliiita mantiq, neno lenye mzizi mmoja na nutq, yaani usemi, na ndilo lililotupa sisi "mantiki". Jina linakumbusha asili: mantiki ilizaliwa mdomoni, katika maneno ya watu. Mwanafalsafa Leibniz, katika karne ya 17, aliota lugha ya alama ambayo wabishi wangeitumia kukata shauri kwa kukokotoa. Hakuikamilisha.

Aliyepiga hatua kubwa ni George Boole, mtoto wa fundi viatu wa Lincoln, Uingereza, aliyejisomea sehemu kubwa ya hisabati yake mwenyewe. Mwaka 1847 alichapisha kitabu kilichoigeuza mantiki kuwa aljebra, na mwaka 1854, akiwa mwalimu huko Cork, Ireland, akakipanua. Tuseme x ni vitu vyote vyeupe, y ni kondoo wote. Basi xy ni kondoo weupe. Na xx je? Ukichagua vyeupe kutoka miongoni mwa vyeupe, unabaki na vyeupe vile vile. Kwa hiyo xx ni sawa na x. Katika namba za kawaida, ni 0 na 1 tu zinazotii sheria hiyo. Boole akaipa 1 maana ya vitu vyote, 0 maana ya utupu.

Bado palikuwa na pengo katika maneno kama "kila", "wote" na "kuna", nalo lilizibwa mwaka 1879 na Gottlob Frege wa Jena, Ujerumani. Sikiliza sentensi hii: "Wanafunzi wote hawakufaulu." Hakuna hata mmoja aliyefaulu, au wapo walioanguka tu? Linganisha pia "kila mtoto ana mama" na "kuna mama ambaye ni wa kila mtoto." Ya kwanza ni kweli, ya pili ni upuuzi, na kilichobadilika ni mpangilio wa "kila" na "kuna". Frege alibuni namna ya kuandika inayoonesha lipi linatangulia na lipi linatawala lingine. Anayejifunza asipite haraka hapa. Makosa mengi ya uthibitisho wa hisabati hutokana na kubadilisha nafasi za maneno hayo mawili.

Juni 1902, Frege akiwa anachapisha juzuu ya pili ya kazi yake kuu, alipata barua ya mwanafalsafa Bertrand Russell. Iliuliza kuhusu seti, yaani mkusanyiko, ya seti zote zisizojijumuisha zenyewe: je, inajijumuisha? Ukijibu ndiyo, inafuata hapana. Ukijibu hapana, inafuata ndiyo. Msingi wa hesabu aliouweka Frege ulipasuka. Russell na mwenzake Whitehead walichapisha ujenzi mpya wa msingi huo kati ya 1910 na 1913, kwa uangalifu uliowachukua zaidi ya kurasa 300 kabla ya kuufikia ukweli kwamba 1 + 1 = 2. Mwaka 1931 mwanamantiki Kurt Gödel akathibitisha kwamba mfumo wowote wa kanuni zinazoweza kuorodheshwa kwa utaratibu, ukitosha kubeba hesabu za namba na usiwe na mgongano ndani yake, utakuwa na kauli usizoweza kuzithibitisha wala kuzikanusha.

Miaka sita baadaye, mwanafunzi wa Marekani aitwaye Claude Shannon, mwenye umri wa miaka 21, alionesha katika tasnifu yake kwamba aljebra ya Boole inaeleza pia saketi za swichi. Panga swichi mbili katika njia moja ya umeme: taa itawaka zote zikifungwa, nayo ni "na". Zipange kwenye njia mbili sambamba: moja inatosha, nayo ni "au". Ukitaka "ikiwa P, basi Q", unaunganisha "si P" na "Q" kwa "au", kisha umeme unakatika katika hali moja tu, P ikiwa kweli na Q ikiwa uongo, kama Philo alivyomwambia mwalimu wake.