Mtoto wa Kiwayu na safari ndefu ya kufika mbele ya hakimu

Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi, uliozinduliwa 2022, unaipa Kenya hadi 2032 kuwatoa watoto katika makao ya watoto na kuwarudisha kwenye familia. Mjadala mwingi umehusu makao ya mijini. Kwa Kiwayu, kisiwa chembamba cha Wabajuni huko Lamu Mashariki, swali ni jingine: mtoto akidhulumiwa ndani ya nyumba yao, nani atamtoa usiku huo, atalala wapi, na atafikaje mahakamani? Ukifuatilia sheria zetu tangu uhuru, utaona kwamba kila moja ilimwongezea afisa wa watoto mamlaka, lakini hakuna iliyojali kwamba baina ya mtoto na hakimu kuna bahari.

Sheria ya Watoto na Vijana ya miaka ya 1960, Sura ya 141, iliwaweka kapu moja watoto wanaohitaji ulinzi na wanaohitaji nidhamu. Aliyepigwa na aliyeiba wangeweza kuishia katika shule moja ya kurekebisha tabia, mbali na kwao. Si ajabu wazazi wa pwani waliona kumpeleka mtoto serikalini ni kumwadhibu. Zaidi ya hayo, huku kaskazini serikali ilijulikana kwa sura ya askari. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwahamisha Wabajuni kutoka vijiji vya bara, na baada ya watalii kuvamiwa Kiwayu mnamo Septemba 2011, hata uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku Lamu. Afisa wa ustawi wa jamii hakuwa na nafasi ya kujulikana kabla ya mwenye bunduki.

Sheria ya Watoto ya 2001, iliyoanza kutumika Machi 2002, ilileta mahakama ya watoto na kumfanya afisa wa watoto kuwa macho ya hakimu. Yeye ndiye huandika ripoti ya hali ya nyumbani: nani anamlea mtoto, analala chumba kimoja na nani, anasoma au ameacha, ndugu gani anaweza kumpokea. Bila ripoti hiyo hakimu anaamua gizani. Sheria hiyo haikumwachia afisa peke yake kazi ya kumwokoa mtoto. Polisi na chifu pia walipewa uwezo huo. Kwa hiyo wanaosema kisiwa chenye watu wachache hakiwezi kutengewa ofisi wanajibiwa na sheria yenyewe: chifu yupo. Kinachokosekana ni mafuta ya mashua, chumba salama, na mwanamke wa kumsindikiza mtoto. Kutoka Kiwayu hadi mahakama ya Lamu ni safari ya karibu kilomita hamsini, na msimu wa kusi bahari huchafuka. Chombo kinachoondoka asubuhi kikiwa kimoja, mtoto anaweza kujikuta ameketi ubao mmoja na ndugu za mtu anayekwenda kumshtaki.

Wapo wanaoshikilia kwamba sulhu ya wazee inatosha, na hoja yao si ya kupuuzwa. Ugomvi wa matunzo au utoro wa shule humalizwa vizuri zaidi barazani kuliko kortini. Lakini mdhalimu akiwa mjomba au jirani mwenye heshima, wazee wanaoketi kusuluhisha ni jamaa zake, na mtoto hana msemaji. Ndiyo maana Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilizinyima familia uwezo wa kufuta kesi kama hizo. Uamuzi ulipewa Mwanasheria Mkuu, leo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Anayepokea ng'ombe au fedha ili anyamaze anauza haki isiyokuwa yake.

Ugumu wa kweli ulikuwa wa kidini, na hapo Nairobi ilichelewa mno. Mnamo Oktoba 1963, Kenyatta alimwandikia Waziri Mkuu wa Zanzibar, Shamte, kuahidi kwamba mahakama za kadhi zitahifadhiwa pwani. Ilipokuja mahakama ya watoto, mvutano ukazuka: ndoa ya wazazi ivunjwe kwa kadhi, halafu malezi ya mtoto yaamuliwe kwa hakimu? Mahakama Kuu yenyewe imetoa maamuzi yasiyolingana. Kuasili mtoto kwa kumpa nasaba mpya, Uislamu haukubali, ilhali kafala, yaani kumlea yatima bila kumbadilisha ukoo, ilitajwa na Mkataba wa Haki za Mtoto ambao Kenya iliuridhia 1990. Hata hivyo tulingoja hadi Sheria ya Watoto ya 2022 ndipo kafala ikaingia rasmi. Kwa zaidi ya miaka 30, malezi ambayo Wabajuni wanayaamini yalikuwa nje ya mlango wa mahakama.

Sasa yamo ndani, na kwa Kiwayu hayo ndiyo yanayoweza kuwa makao ya dharura yasiyohitaji jengo. Lakini undugu peke yake si dhamana. Jamaa wa kafala naye achunguzwe na afisa, ajulikane kwa chifu na imamu kabla tatizo halijatokea, na mahakama iende Faza au Kiunga, huko huko Lamu Mashariki, kusikiliza kesi badala ya kumsubiri mtoto mjini Lamu. Kazi hiyo ianze kabla makao hayajafungwa.