Mizani na Daftari: Historia Fupi ya Ushirika wa Wakulima katika Bonde la Kilombero

Bonde la Kilombero limelala baina ya milima ya Udzungwa upande wa kaskazini-magharibi na nyanda za juu za Mahenge upande wa kusini-mashariki. Mto wenyewe hukusanya maji ya vijito vingi vya milima hiyo, hupita karibu na mji wa Ifakara, kisha huenda kukutana na Luwegu na kuwa mto Rufiji. Masika yanapokolea mto hufurika na kufunika sehemu kubwa ya tambarare. Maji yakipungua huacha udongo unaoufaa sana mpunga. Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na wengineo wamelima huko kwa kuyafuata maji hayo. Wageni nao, tangu Wajerumani hadi wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliopima bonde zima la Rufiji katika miaka ya 1950, waliona kwamba nchi hii yaweza kulisha watu wengi kuliko inavyolisha. Lakini katika mipango mingi iliyofuata, jambo moja halikupata jibu la kutosha: mkulima mdogo atauzaje mazao yake bila kupunjwa, na chama kitakachomwuzia kitakuwa chini ya mamlaka ya nani?

Hapana budi kuanza na neno lenyewe. Wengi walioandika juu ya ushirika wa vijijini wameuona kuwa ni ujima wa zamani uliopewa sheria na muhuri. Ujima ulijulikana sana: jirani aliwaita wenzake kulima, kupalilia au kuvuna, akawapikia chakula na pombe, na siku nyingine naye akaitwa. Kazi hiyo haikuhitaji karani. Kila mtu alimwona nani amekuja na nani hakuja, na deni la kazi lilikaa katika kumbukumbu ya watu wote. Aliyezoea kutoitika aliachwa na magugu yake.

Lakini ujima uliishia ukingoni mwa shamba. Mpunga ulipofika kwa mnunuzi, kila mkulima alisimama peke yake. Ushirika, neno lililotokana na Kiarabu na lenye maana ya kushiriki au kuwa na fungu katika jambo, ulikusudiwa kuziba pengo hilo. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Katika ushirika wa kuuza, mazao hutoka mikononi mwa mwenyewe, hupimwa na mtu mwingine, husafirishwa, na fedha hurudi baada ya siku nyingi kwa njia ya karani na katibu. Mambo yaliyoonekana kwa macho katika ujima, katika ushirika hujulikana kwa mizani na daftari tu. Mwanachama asiyeweza kuvikagua vitu hivyo viwili ana ushirika wa jina.

Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao kikuu. Mfano unaofaa zaidi kwa jambo hili ni wa Usukuma. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1950, malalamiko makubwa ya wakulima wa pamba yalihusu mizani ya wanunuzi. Wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani na wenzake, walitaka wawepo wapimaji wao wenyewe penye vituo vya kununulia. Na kutokana na harakati hizo vilizaliwa vyama vya vijiji vilivyoungana katika chama kikuu cha Victoria mwaka 1955. Ushirika wa Usukuma ulianzia kwenye mizani, na kwa miaka kadhaa wanachama walijua kwa nini waliuanzisha.

Kilombero haikupata mwanzo wa namna hiyo. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 serikali ilitaka kila sehemu ya nchi iwe na vyama, hata pale ambapo wakulima walikuwa hawajaviomba. Mwaka 1966 tume ya Rais iliyochunguza ushirika, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Mhaville, iliona kwamba wanachama wengi hawakuelewa chama chao ni nini, kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa haba, na kwamba upendeleo na siasa viliingilia kazi. Haya hayakuwa makosa ya tabia za wakulima. Chama kilichoundwa kwa amri kilionekana kwao kama ofisi nyingine ya serikali, nao walikitendea hivyo.

Wakati huohuo palikuwa na mpango wa makazi mapya, uliotangazwa mwaka 1962, wa kuwapa walowezi wachache mashine, nyumba na wasimamizi. Bonde la Kilombero nalo lilipata makazi hayo, ambako watu walilima miwa ya kuuzia kiwanda. Mwezi wa Aprili 1966 Rashidi Kawawa, aliyekuwa Makamu wa Pili wa Rais, alitangaza kwamba makazi mengine ya gharama kubwa namna hiyo hayataanzishwa. Mkopo, ratiba na msimamizi vilikuwa vimetoka nje. Ilikuwa vigumu mlowezi kukiona chama kuwa chake.

Ng'ambo ya Mahenge, upande wa Songea, palikuwa na jaribio la namna nyingine. Wakulima wa Litowa na vijiji vilivyofuata waliunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, wakawa na kinu cha nafaka na mashine ya kupasua mbao, na mambo yao yakaamuliwa katika mikutano ya vijiji. Waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini ulilingana sana na waliyokuwa wakiyafanya. Hata hivyo mwezi wa Septemba 1969 chama hicho kilipigwa marufuku. Chama kilichosimama kwa miguu yake kilikuwa na maadui wake pia, nao walikuwa na nguvu kuliko wanakijiji.

Miaka ya 1970 ilileta mageuzi mawili katika bonde. Reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975, ilipita Kidatu, Ifakara na Mlimba. Kadhalika watu walihamishiwa katika vijiji vikubwa. Mkulima wa mpunga wa Kilombero alikuwa amezoea kukaa miezi kadhaa katika kibanda cha shambani, akiamia ndege kutoka juu ya dungu. Kijiji kilichowekwa mbali na mbuga kilimlazimu kuchagua baina ya nyumba yake na mpunga wake. Sheria ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji chenyewe kuwa chama cha ushirika cha shughuli zote, kwa kila mtu aliyeishi humo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na kazi ya kununua mazao ikaangukia mashirika ya umma. Mkulima aliingia katika ushirika kwa kuwa na nyumba kijijini. Hakuuomba, wala hakuwa na njia ya kutoka. Tena mizani ikawa ya shirika.

Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuvivunja vyama vya ushirika na serikali za mitaa kulikuwa kosa. Lakini vyama vilivyorudi vilirudi na madeni, na miaka ya 1990 biashara ya mazao ilipofunguliwa, wafanyabiashara binafsi walikuwa wepesi kuliko vyama. Hapo ndipo lumbesa ilipostawi: gunia lililoongezwa kichwa mpaka likazidi kipimo chake, likinunuliwa kwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo huikataza; lakini mwenye deni la mbegu na la ada ya shule, aliyekwisha kuahidi mpunga wake ungali kijani, hana nguvu ya kuitaja sheria hiyo mbele ya mnunuzi.

Upande wa miwa jambo hilo huonekana wazi zaidi. Kiwanda cha Msolwa kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na cha Ruembe kikafuata ng'ambo ya Ruaha Mkuu katika miaka ya 1970. Vyote viwili vilibinafsishwa mwaka 1998. Baada ya hapo wakulima wadogo wa miwa waliongezeka sana, na vyama vyao vikasimamia zamu za kuvuna na kusafirisha. Mpunga mkavu waweza kungoja ghalani. Miwa iliyochomwa na kukatwa hupoteza sukari kila siku, na mnunuzi ni mmoja. Malipo hutegemea uzito na kiasi cha sukari, navyo hupimwa kiwandani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya chama cha walima miwa ni kuwa na mtu wake penye mizani na penye maabara, anayeelewa anachokiona na anayetoa habari kwa wanachama. Vyama hivyo vilipogawanyika vikawa vingi vidogo, nguvu ya kufanya kazi hiyo ilipungua. Na kujisajili upya kwa jina la AMCOS hakuirudishi kama wanachama hawaidai.

Daftari nalo lina shida yake, ambayo kwa sehemu ni shida ya lugha. Sheria hutaka mkutano mkuu wa kila mwaka upitishe makisio na ukomo wa madeni, yaani kiasi cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa. Maneno hayo ni ya Kiswahili, lakini ni Kiswahili cha ofisini. Mwanachama anayenyosha mkono kupitisha ukomo wa madeni bila kufahamu kwamba mpunga wake ndio utakaolipa, amekubali deni asilolijua. Makarani wengi hawana nia mbaya. Husoma hesabu kama zilivyoandikwa, kwa haraka, na mkutano hupiga makofi. Hesabu hiyohiyo ikisomwa kwa magunia, kwamba mwaka huu magunia kadhaa yamekwenda kwa usafiri, kadhaa kwa riba, na kadhaa hayajulikani yalipo, mkutano haungepiga makofi upesi.

Mpango wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, umefungua njia njema kwa bonde la mpunga: mkulima huweka mazao wakati bei iko chini, hupata hati, na huuza bei ikipanda. Lakini ghala ni mizani na daftari kwa mara nyingine. Likiwa na mlinzi asiyeulizwa, litakuwa sawa na vituo vya mashirika ya zamani.

Historia ya Kilombero haionyeshi kwamba wakulima wake hawapendi kushirikiana. Ujima wao ni ushahidi wa kutosha. Inaonyesha kwamba waliletewa vyama mara nyingi na ukaguzi mara chache. Kijiji kinachotaka chama kidumu kingefanya vema kuanza na jambo dogo: kuchagua watu wawili au watatu wa kusimama penye mizani siku za mavuno, na kudai daftari lisomwe mbele ya watu kwa maneno na vipimo wanavyotumia wenyewe, kabla ya mkopo wa kwanza kukubaliwa.